Kuchavusha Saintpaulia kwa mkono: mwongozo kwa wapanda maua wa Tanga na Usambara

Lile ua dogo la zambarau linalowekwa madirishani Ulaya na Marekani asili yake ni huku kwetu. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mkuu wa wilaya ya Tanga enzi za Wajerumani, alimpelekea baba yake ua hilo Ujerumani. Mwaka uliofuata Hermann Wendland, mkuu wa bustani ya Herrenhausen mjini Hannover, akalipa jina la Saintpaulia ionantha. Huko ng'ambo limezaana likajaa kila duka la maua. Huku nyumbani, kwenye miamba yenye kivuli ya Usambara na mawe ya chokaa ya pwani, linazidi kuwa adimu. Miti ya juu ikikatwa ili kupisha mashamba au mbao, jua hulipiga jiwe moja kwa moja, ule ukijani laini unaofunika mawe mabichi hukauka, na Saintpaulia hufa pamoja nao hata kama hakuna mtu aliyeligusa.

Wengi wanaolipanda hapa Tanga hutumia jani. Unakata jani na kikonyo chake, unalichomeka kwenye udongo mwepesi, baada ya wiki kadhaa vinachipua vimea pembeni. Ni njia nzuri ya kumpa jirani ua. Lakini kila kimea kilichotoka kwenye jani ni mmea uleule wa mwanzo. Vyungu hamsini vya jani moja ni mmea mmoja tu: ukija ugonjwa unaoumaliza mmoja, utaimaliza yote. Ukitaka kutunza ukoo wa ua hili, siyo sura yake peke yake, lazima upate mbegu. Na kwa kuwa nyuki wanaolichavusha hawaji barazani kwako, kazi ya nyuki utaifanya wewe.

Mwongozo huu ni wa mimea ya chunguni. Ile ya mwituni waachie nyuki.

Kwanza, mmea wako umetoka wapi?

Swali hili linakuja kabla ya chungu, kabla ya udongo, kabla ya kitu chochote. Usiende Amani kung'oa. Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, iliyotangazwa mwaka 1997, iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, na kuchukua mmea humo bila kibali ni kosa. Hata nje ya hifadhi, kwenye jiwe la kijijini ambalo halina askari wa misitu, mmea mmoja ukiung'oa huenda umeondoa sehemu kubwa ya kundi lote, kwa sababu makundi mengine ni ya mwamba mmoja tu. Anza na mimea iliyokwisha kuwa mikononi mwa watu: kitalu kinachojua asili ya mimea yake, bustani ya taasisi, au mtu aliyeitunza kwa miaka na anaweza kukuambia ilitoka bonde gani.

Ya dukani, yenye petali zilizorundikana, rangi mbili au kingo za mawimbi, ni chotara. Miaka ya 1920 kitalu kimoja cha Los Angeles kilikuza miche kwa mbegu zilizotoka Ujerumani na Uingereza, kikachagua 10 iliyopendeza, na maua mengi ya dukani yana damu ya ile 10. Ni mazuri, na unaweza kuyatumia kujifunzia mkono. Ila usiyachanganye kamwe na mimea ya asili, wala usipeleke mbegu zake karibu na msitu.

Jambo moja kuhusu kibao cha jina. Tangu mwaka 2015 wataalamu wameiingiza Saintpaulia ndani ya jenasi (yaani kundi la mimea ya ukoo wa karibu) ya Streptocarpus, kwa hiyo usishtuke ukikuta kibao kimeandikwa Streptocarpus ionanthus. Mmea ni uleule. Kwangu mimi jina la mahali ulikotoka lina uzito kuliko jina la Kilatini, maana la Kilatini litabadilika tena, lakini bonde la Sigi litabaki bonde la Sigi.

Pata mimea miwili isiyo mmoja

Saintpaulia inaweza kushika mimba kwa chavua yake yenyewe, yaani lile vumbi la kiume la ua. Hilo ni faraja ukiwa na mmea mmoja tu, lakini usilizoee, maana uzao wa mmea uliojichavusha vizazi na vizazi hupungua nguvu. Tafuta mimea miwili ya asili moja, yaani ya eneo lilelile, lakini isiyotokana na jani moja. Hapa ndipo watu hupotea: umepewa jani na shangazi, rafiki yako naye alipewa jani na shangazi huyohuyo, mkachavushiana mkidhani mmechanganya. Hamjachanganya kitu. Uliza kila mmoja alipata wapi, na kama majibu yanarudi kwenye chungu kimoja, endelea kutafuta.

Mpe ua hali ya mwamba wake

Tanga mjini kuanzia Januari hadi Machi joto linapita nyuzi 30, na ua hili halilipendi. Linatulia kati ya nyuzi 18 na 25. Walio Amani au Lushoto hawana shida hiyo. Walio Muheza, Pangani na mjini nawashauri kazi ya kuchavusha waifanye wakati wa kipupwe, Juni hadi Agosti, upepo wa kusi unapopoza baraza. Miezi ya joto iwe ya kuutunza tu mmea usife.

Mwanga uwe mwingi lakini jua lisiliguse. Baraza la upande wa mashariki lenye pazia jepesi linafaa, au chini ya mwembe mkubwa ambako mwanga unapenya ukiwa umepoa. Majani yakisimama na kurefuka vikonyo, mwanga ni mdogo na maua hayatakuja. Yakijikunja chini na kugeuka njano, umezidi.

Udongo wa shamba ni mzito mno. Changanya vumbi la makumbi, mboji iliyooza vizuri na mchanga mnene wa mto, na vipande vidogo vya mkaa ukivipata. Vumbi la makumbi Tanga halikosekani, lakini kuwa mwangalifu: makumbi yaliyolowekwa ufukweni yana chumvi. Yaloweke kwenye maji yasiyo na chumvi, umwage, uloweke tena, mpaka maji ukiyaonja kwa ncha ya ulimi hayana ladha. Visima vingi vya karibu na bahari navyo vina chumvi, kwa hiyo kinga maji ya mvua. Mwagilia kwa kuweka maji kwenye kisahani chini ya chungu, yafyonzwe kwa nusu saa, kisha umwage yaliyobaki. Maji juu ya majani huacha madoa, na yakikaa kwenye kiini cha mmea huuozesha.

Lijue ua kabla ya kulishika

Kaa nalo karibu kwanza, ukiwa na kioo cha kukuzia kama unacho. Petali ni tano: mbili ndogo juu, tatu kubwa chini. Katikati kuna vifuko viwili vya njano iliyokolea, vimegusana ncha, vimevimba. Hivyo ndivyo vyenye chavua. Watu wengi hudhani ile njano ni chavua yenyewe, wakaipapasa kwa brashi na kushangaa hawapati kitu. Chavua imefungiwa ndani. Vifuko vina mpasuko mdogo tu, na ukivigusa kwa upole havitoi chochote.

Pembeni ya vifuko hivyo utaona kijiti chembamba kinachochomoza kwa kuinama upande mmoja. Hicho kinatoka kwenye ovari, yaani sehemu ya ua inayobeba mbegu, na ncha yake ni stigma, yaani mahali pa kupokea chavua. Sasa angalia ua la pili la mmea huohuo: huenda kijiti kimeinamia upande wa pili. Kuna maua ya kulia na maua ya kushoto kwenye shina moja, na yote yana sehemu za kiume na za kike. Usijisumbue kutafuta ua dume.

Maana ya mpangilio huu unaielewa ukijua nyuki anavyofanya. Ua hili halina asali ya kumpa. Linatoa chavua tu. Nyuki wa kawaida wa mzingani hawezi kazi hii. Wanaoiweza ni nyuki wanaoishi mmojammoja, na wale wa jenasi ya Amegilla wamewahi kuonekana wakiifanya kwenye Saintpaulia za milima ya Taita, Kenya. Ni nyuki wenye kasi, wanene kidogo, tumbo lina mistari, na huchimba viota vyao kwenye udongo. Anatua, anavikumbatia vifuko vya njano kwa miguu, kisha anatetemesha misuli ya mabawa bila kuruka. Utasikia mlio mfupi mkali, wa juu kuliko mlio wake wa kuruka. Mtetemo huo unairusha chavua itoke kwenye ule mpasuko mdogo na kummwagikia tumboni. Wakati huohuo kijiti kilichoinama pembeni kinamgusa ubavuni, na akihamia ua lililoinamia upande wa pili, linamgusa ubavu mwingine. Ndiyo maana naumia nikiona watu wanapuliza dawa ya wadudu kwenye bustani zinazopakana na msitu, au wanasakafia kila kipande cha udongo mtupu. Ua bila nyuki huyu litachanua kila msimu na lisiache mtoto.

Siku ya kuchavusha

Andaa wembe mpya, kibano cha ncha nyembamba, kipande cha karatasi nyeusi, uzi wa rangi na kalamu isiyofutika. Fanya kazi asubuhi, umande ukishakauka na kabla joto halijapanda. Siku ya mvua ahirisha, kwa sababu chavua ikipata unyevu hugandana.

Chagua mmea wa mama ulio na afya, wenye majani ya kutosha kulea mbegu kwa miezi. Mmea mchanga unaochanua kwa mara ya kwanza uache. Kwenye mama, chagua ua lililofunguka siku hiyo au jana yake, ulikate vifuko vyake viwili vya njano kwa wembe na uviondoe. Hivyo utakuwa na hakika chavua itakayoingia ni ya baba uliyemchagua. Kama chungu kiko Amani au mahali penye nyuki, kifunike kwa kipande cha chandarua.

Sasa usiwe na haraka. Chavua hukomaa mapema, stigma huchelewa. Ua likifunguka leo, stigma yake kwa kawaida inakuwa tayari baada ya siku 2 hadi 4. Itazame kila asubuhi. Ikiwa bado, ncha ni kavu na nyororo. Ikiwa tayari, inang'aa kama imelambwa, na ukiigusa kwa chembe ya chavua, chembe inanata.

Siku hiyo nenda kwa baba. Chukua ua lililofunguka vizuri, ambalo vifuko vyake ni vikavu na vimejaa. Kikate kifuko kimoja, ukishike kwa kibano juu ya karatasi nyeusi, ukipasue ubavuni kwa ncha ya wembe na ukigonge taratibu. Litaanguka vumbi jepesi lenye weupe wa njano, laini kuliko unga wa sembe. Lisipoanguka kitu, kifuko ni kichanga au kimelowa; jaribu kingine. Kisha una njia mbili. Unaweza kuigusisha stigma ya mama na vumbi lile kwa ncha ya kijiti cha meno, au ukachukua kifuko chenyewe kilichopasuliwa na kukisugua kidogo kwenye stigma. Mimi napendelea ya pili, maana upepo wa baraza haunipokonyi chavua. Ukimaliza, stigma itaonekana imevaa kofia ndogo ya vumbi.

Rudia kesho yake na keshokutwa kwenye ua lilelile. Chavusha maua matatu au manne kwa mmea, usizidishe. Mmea uliobebeshwa vifuko vya mbegu vingi hudhoofika.

Funga uzi kwenye kikonyo na uandike: mama, baba, asili ya kila mmoja, tarehe. Andika saa hiyohiyo. Mbegu isiyojulikana wazazi haina faida kwa kazi hii, hata iote vizuri namna gani.

Utajuaje imeshika?

Petali zitadondoka, hilo halikuambii chochote. Tazama kikonyo. Kikigeuka kahawia na kunyauka ndani ya wiki moja hivi, haikushika. Kikibaki kijani na ovari ikaanza kuvimba ndani ya wiki 1 hadi 2, umefaulu. Umbo la kifuko cha mbegu linatofautiana: vingine virefu na vyembamba, vingine mviringo. Wataalamu walitumia tofauti hizo kutenganisha aina, kwa hiyo piga picha.

Ngoja miezi 4 hadi 6, na kwa mimea mingine zaidi. Kipindi hiki usibadilishe mahali pa chungu, usiache udongo ukauke kabisa, na punguza mbolea. Wakati wa masika unyevu wa Tanga huleta ukungu kwenye vifuko. Achanisha vyungu ili hewa ipite. Vidung'ata, wale weupe kama pamba kwenye maungio ya majani, waondoe kwa pamba yenye spiriti. Na ukiona vumbi la njano limemwagika juu ya petali pasipo wewe kugusa, ujue kuna vithiripi, wadudu wadogo sana. Wanakula chavua na kuitawanya, na wanaweza kukuchavushia ua bila idhini yako. Kata maua yote yaliyofunguka, uutenge mmea huo, na usihesabu mbegu za wakati huo kuwa za wazazi ulioandika.

Kuvuna na kusia

Kifuko cha mbegu kikigeuka kahawia na kusinyaa, kikate na kikonyo chake, ukiweke ndani ya bahasha ya karatasi mahali pakavu kwa wiki 2 hadi 4. Siyo mfuko wa plastiki, humo kitaoza. Kisha zima feni, funga dirisha, ukipasue juu ya karatasi nyeupe. Mbegu ni ndogo mno, za kahawia, na pumzi moja inatosha kuzipoteza zote.

Sia mapema. Tumia chombo cha plastiki chenye mfuniko unaopitisha mwanga, ukitoboe tundu chache chini. Weka mchanganyiko uleule wa vumbi la makumbi na mchanga, uliochekechwa na kumwagiwa maji ya moto, kisha ukapoa. Ikunje karatasi katikati, uigonge kwa kidole mbegu zimwagike juu kidogo kidogo. Usizifunike na udongo, zinahitaji mwanga ili ziote. Nyunyizia ukungu wa maji, funika, uweke penye mwanga bila jua. Kati ya wiki 2 na 4 utaona vidoa vya kijani. Fungua mfuniko dakika chache kila siku, uongeze muda taratibu.

Majani yakifika upana wa sentimita moja, hamishia miche kwenye vikopo kwa kuinyanyua na kijiko cha chai, usiishike shina. Itaota isiyolingana: mmoja una majani mapana, mwingine manyoya mengi, mwingine mdogo. Usitupe ile midogo. Mwuza maua huchagua mizuri tu, lakini wewe unatunza ukoo, na huo mdogo huenda ndio unaobeba uvumilivu ambao ile mikubwa haina.

Maua ya kwanza yatakuja baada ya miezi 6 hadi 12 hivi, na hapo unaweza kurudia kazi kwa kuchavusha miche ya mama tofauti. Gawa mingine kwa watu wawili au watatu wanaokaa mbali na wewe, Lushoto mmoja, Muheza mwingine, kila mche na karatasi yake ya asili, ili moto au ugonjwa wa nyumba moja usimalize vyote. Kurudisha miche msituni siyo kazi ya mtu binafsi, hata kwa nia njema: udongo wa chungu hubeba magonjwa na wadudu, na mche wa bonde moja ukipandwa bonde jingine unavuruga ukoo wa huko. Kama una miche yenye asili inayojulikana na unadhani inafaa, peleka daftari lako kwa maofisa wa hifadhi kwanza, na miche uiache nyumbani mpaka wakuambie.